Shokapu za Mbele Nimezilegeza

Mke wangu,

Ufunguo wa gari uko juu ya friji. Mchana mpeleke mama yangu kliniki, mimi nimepanda basi. Matuta yapande polepole, na mto wa kochi umwekee mgongoni.

Asubuhi nilimpakia kwa mbwembwe, nikitaka aone shokapu zangu mpya. Nilikuwa nimezikaza mpaka mwisho ili gari lishike barabara kwenye kona. Basi kila shimo likampiga kwenye nyonga aliyopasuliwa majuzi. Nami nikamwambia, "Vumilia Mama, ndivyo gari la mbio lilivyo." Mtu mzima mimi! Hatujafika hata kituo cha mafuta, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nikishuka nikatembea, utakasirika?" Nikageuza gari.

Za mbele nimezilegeza. Za nyuma sijazifikia, muda wa kazi ulinibana. Inua zulia la buti, utaona vishikio viwili vidogo vya kuzungusha juu ya shokapu. Zungusha kushoto mpaka vigome, pande zote mbili sawa, la sivyo litayumba. Ulinicheka kwamba nalipenda gari kuliko watu. Leo nakubali.

Mwambie Mama ~~fundi alikosea kuzifunga~~ ni mimi niliyezikaza. Nilienda kumwomba radhi, nikamkuta amejilaza kaukabili ukuta. Kabla sijafungua kinywa akaniwahi: "Usijali, baba. Gari lako zuri."

Heri angenifokea.

Baba Watoto