Maji ya Mvua ya Urbain

Likasi, mwezi wa kumi na mbili 1976

Yaya Urbain, kaka yangu mukubwa mupendwa,

Pokea salamu ya sisi bote hapa nyumbani. Batoto beko wazima. Mama iko na miguu ya kuvimba, lakini mudomo wake haujaugua hata kidogo. Na weye, afya iko namna gani huko Kitwe? Nani anakupikia? Ukisema unakula muzuri sitasadiki, juu nakujua. Majina ya ubatizo serikali imeyakataza, lakini ndani ya nyumba hii weye ungali Urbain.

Tangu uvuke mupaka, mambo ya usine, kiwanda yenye ulitumikia, yameharibika. Bazungu benye kukufundisha kutengeneza vile vigari ya batri balirudi kwao, ulibaki weye peke yako mwenye kuijua. Juu ya vigari ile balikukatalia hata ruhusa ya kumuzika baba, ndipo ulikimbia, na minye sikukulaumu. Chef ya usine aliweka pa nafasi yako mafundi ba camion, ba malori. Ni bantu bazuri, lakini mambo ya batri habakuisoma. Balimimina maji ya robinet, ya bomba, ndani ya batri, na vigari vikalala kimoja nyuma ya kingine. Sasa banang'oa vyuma ku kigari ya kufa, banaponyesha yenye kupumua. Yenye kutembea ni ile bwana yangu Isidore anaendesha tu, na ikifika ku kilima kidogo ya magasin, pale bohari, banaume banashuka kuisukuma. Gari ya umeme inasukumwa na mabega ya bantu. Ningecheka, kama haikuwa kazi ya bwana yangu.

Unakumbuka wakati maji ya batri ilikosekana, ulimuomba mama atege mvua ndani ya beseni nyeupe, mbali na mabati? Angali anatega. Mvua ikianza, hata iwe katikati ya rozari, anakimbia na miguu yake ile. Anafunika beseni na kitambaa, anasema ni maji ya Urbain. Juzi nilichota kikombe nimunawishe mutoto, mama alinitukana mpaka jirani akatoka nje. Minye pia nakutamani, Yaya. Muntu akikohoa ku barza, natoka mbio, nafikiri ni weye.

Sasa habari yenyewe. Juma iliyopita chef alikuja mwenyewe, akakaa ku kiti ya baba. Alisema nikuandikie urudi. Alisema yote imesamehewa, utapewa nyumba na vijana ba kufundisha, na Isidore hatapoteza kazi. Mama alilia kwa furaha. Minye sikusadiki, juu chef aliongea yote ile bila kuniangalia uso.

Kesho yake nilienda kwa Julie, bibi ya Zéphirin, yule fundi mwenzako wa umeme mwenye kukimbia kama weye. Julie aliniambia Zéphirin naye aliitwa hivi hivi, kwa barua ya mukono wa mudogo wake. Alirudi na valizi na zawadi ya batoto. Bapolisi balimungojea ku gare, pale treni inasimama, bakamukamata. Leo kila siku ya Mungu Julie anamupelekea bukari, ugali yake, ku gereza, na yule mudogo haingii tena nyumba yao.

Yaya, usirudi. Barua ingine utakayopata kwa posta niliandika mbele ya chef, usiisadiki. Sadiki hii, yenye Eugénie, muchuuzi mwenye kuvuka mupaka, anakuletea ndani ya kitunga yake ya samaki. Hata bakikuambia mama amekufa, usirudi. Kigari ya Isidore isimame kama inasimama, tutalima.

Mama sikumuambia. Anafikiri nimekuita. Leo asubuhi mvua ilinyesha, akaniita tubebe beseni, akauliza kama utafika mbele ya Noeli. Nilijibu ndiyo, nikashika upande wangu wa beseni.

Isidore na batoto banakusalimia sana. Funika kifua wakati wa baridi, usilale na njaa, na Mungu akuchunge pale pale uliko.

Ni minye mudogo wako,
Martine