Simba wa Kasigau na Rangi ya Gereji

Voi, Jumamosi, Agosti 1976

Kutoka hapa hadi Taveta hakuna anayeunda gari la mashindano kama mimi. Wazungu wanaounda ya kweli wangeniona, wangeniomba kazi. Kwa vipande vya plastiki vya maboksi mawili ya vigari vya kuunganisha, langu na la rafiki yangu Mwakio, tumeunda gari la kizamani ambalo halijawahi kuwepo duniani: pua ndefu, ekzosi sita. Tukaliita Simba wa Kasigau.

Boksi la Mwakio lilikuwa zawadi ya mwisho ya marehemu kakake.

Jana nililipaka rangi nyekundu ya gereji ninakofanya kibarua. Fundi alinionya, "Wewe kijana, hiyo ina thina, ni ya bati. Itakula plastiki!" Nikamcheka. Mwakio akaliweka dirishani likauke.

Leo tumelikuta pua imelegea kama uji. Nikaropoka, "Jua la Voi hili, bwana! Limeliyeyusha!"

Mwakio alilishika, akaigusa pua kwa kidole. Kisha akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Ni mimi niliyeliweka dirishani."

Nami nikamwambia nimemsamehe.