Hodi Katika Nyumba Isiyo na Mtu

Kwako Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepungua maumivu. Mimi afya ninayo, namshukuru Mola, ila baridi ya Ujerumani imenikaa mifupani, na Kiswahili nakisikia darasani tu.

Umeniuliza uwajibu nini wajumbe wanaogawa viwanja katika kijiji cha ujamaa: kwamba mwenye nyumba atarudi, au ujengewe chumba kimoja cha kukutosha wewe. Nimechelewa kujibu kwa kuwa chuo kimeniomba nibaki, niendelee kuwasomesha wanafunzi hati zetu za zamani, na moyo wangu uligawanyika.

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye adabu, alinialika kutazama kazi ya kaka yake. Kijana huyo alinasa kwa mashine sauti za nyumbani kwa bibi yao, naye huzitoa kwa vipaza sauti vilivyofichwa katika kuta za chumba kitupu. Watu huingia, wakaketi gizani kusikiliza. Nilipofika mlangoni nilisikia maji yakimiminwa, kisu kikikata mboga, ufagio, na kikohozi cha mama mtu mzima. Nikapiga hodi, kama tulivyofunzwa. Nikarudia hata ya tatu. Sikukaribishwa, nikageuka kuondoka kama sheria itakavyo.

Binti akanifuata mbio. "Ingia tu, Mwalimu. Hamna mtu, ni sauti tupu."

"Na bibi mwenyewe yuko wapi?"

Akanijibu kwamba alifariki kabla kazi hii haijakamilika.

Nikavua viatu, nikaingia, nikaketi. Kikohozi kiliporudi nikasema, "Pole, mama." Vijana wakacheka kidogo, nami sikuwalaumu. Nilimwombea marehemu dua. Lakini ufagio ule ulinikumbusha unavyofagia ua baada ya alfajiri huku ukiwagombeza kuku kama watu wazima, nikaona kwamba nikizidi kukawia, nami nitakuja kubisha kwenye nyumba isiyo na wa kunijibu.

Basi waambie wajumbe kuwa mwenye nyumba anarudi chuo kikifungwa, inshallah. Wakutengee kiwanja cha nyumba kamili, yenye baraza.

Nisalimie binti yetu Zuhura na mumewe, na ndugu yangu mwadhini. Jirani yetu anayetwanga mapema mwambie kinu chake sikilalamikii tena.

Siku nitakapofika nitapiga hodi. Ya kwanza usiitikie. Endelea na kazi zako, niache nisimame nje nisikilize. Ya pili pia, ukipenda. Ya tatu niitikie, Mama Zuhura, kwa maana sheria waijua: nitalazimika kugeuka.

Mimi mumeo, nikuombeaye kila sala,
Baba Zuhura