Mmoja Anaingia, Wawili Wanasubiri

Jumamosi, 7 Machi

Dukani tena. Tonton Bahati, mjomba wangu, kabadilisha vioo vya simu, mimi nimepokea wateja. Jioni tukafunga mlango nusu, tukaegemeza tableti kwenye kopo la gundi, tukamtazama mdogo wangu Riziki akicheza. Mama Fatuma kaja na kiti chake kutoka saluni ya jirani. Mteja wake, kasukwa nusu kichwa, kamfuata.

Wameshinda. Wameingia mtoano. Jumamosi ijayo wanaanza na timu iliyoongoza ligi. Atakayeshinda mechi mbili kati ya tatu anaendelea.

Miaka saba tangu yeye na mama wapande ndege kwenda Kanada. Mimi nilikuwa nimevuka umri wa kuhesabiwa mtoto, faili langu likabaki, nami nikabaki na mjomba. Hoki ya barafu ndiyo iliyotupa cha kuongea. Kabla yake: uko sawa, niko sawa, mama yuko sawa. Siku niliyomuuliza kwa nini anakimbilia goli la wapinzani wakati mpira hana, alieleza mpaka bando langu likakata. Tangu hapo namuuliza hoki. Sijapata swali jingine linalomfungua mdomo.

Mwaka huu anamaliza shule. Timu ikitolewa, anavua viatu vya kuteleza. Basi. Naogopa.

Jumatatu, 9 Machi

Maktaba ya chuo, Westville. Nilipaswa kusafisha takwimu za mto. Nimetazama mechi tatu za wapinzani wa Riziki.

Kocha wa kina Riziki anapenda kukaba juu kwa tahadhari. Mmoja anaingia kuwabana wapinzani kwenye eneo lao, wawili wanasubiri katikati, wawili nyuma. Anayeingia ni Riziki. Anasumbua kidogo, kisha anarudi. Anarudi mapema mno.

Beki wa kushoto wa wapinzani, yule mrefu mwenye kofia iliyokwaruzwa, akichukua mpira nyuma ya goli hugeuka bila kuangalia bega lake. Kila mara. Riziki akiendelea badala ya kurudi, atampokonya.

Nimemwandikia yote haya. Amejibu: "Yaya, kocha ndiye anaamua." Yaya ndivyo anavyoniita, mimi mkubwa wake. Hakuna zaidi.

Imeniuma. Naona kitu asichokiona mtu, na mtu huyo hataki kukisikia.

Jumatano, 11 Machi

Mjadala dukani. Kile kidude cheusi wanachokigombea, hapa kinaitwa sabuni kwa jinsi kinavyoteleza.

Tonton yuko upande wangu. "Muizi banamukamata ku mulango yake. Haiko ku mulango yako."

Mama Fatuma ni mtu wa Tanga na wa kandanda. "Na mkienda wote, kaka Bahati, nyumba mnamwachia nani? Paka?"

Nikachora barafu kwenye boksi la simu, nikawaonyesha. Mama Fatuma akanitazama mimi, si mchoro.

"Daktari, wewe wasomea maji. Barafu yakuhusu nini?"

"Barafu si ni mayi yenye kukatala kutembea?" Tonton akasema.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Najua niko sahihi. Nataka mtu mmoja tu akiri.

Ijumaa, 13 Machi

Nimefanya jambo.

Kwetu mtoto akienda kwenye mtihani au safari, mjomba, ndugu wa mama, anambariki. Kila mtu anasimama, simu inawekwa katikati, yeye anaongea. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayebishana. Ukishaitikia, umechukua neno lake, linakufunga.

Jana nilimwomba Tonton aingize neno langu ndani ya baraka. Nilimfundisha sentensi. Aliona ni jambo jema, yeye anapenda ushindi.

Leo jioni tumepiga. Mama alikuwa jikoni kwake, Riziki kasimama karibu naye, nywele kafunga. Tonton akamwombea miguu, akamwombea mifupa. Halafu kwa sauti ileile, macho kafumba: "Na yule wa kushoto, akigeuka bila kuangalia bega, ingia. Usirudi."

Riziki aliinua uso, akatazama kamera. Akasema, "Ndiyo, Tonton." Mama akasema amina.

Nimefurahi. Hata sikuona haya.

Jumamosi, 14 Machi

Mechi ya kwanza. Duka lilijaa.

Kipindi cha kwanza yule mrefu aligeuka. Riziki hakurudi. Akamnyang'anya, akapasia mbele ya goli, bao. Tonton akapiga meza, kopo la gundi likaanguka, tableti nayo ikalala kifudifudi. Mama Fatuma akaniangalia, akainamisha kichwa kwa heshima ya mzaha. Nilijisikia mrefu.

Kipindi cha pili walikuwa wameshamjua. Yule mrefu alijifanya kugeuka, akamsubiri Riziki afike, akatoa pasi iliyogonga ukuta wa uwanja ikampita. Riziki yuko ndani kabisa, peke yake. Wenzake wawili wa katikati hawakujua waende au wakae. Bao. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile.

Kipindi cha tatu hakucheza. Kamera ilipita kwenye benchi. Kavaa kofia, anaangalia magoti.

La nne likaingia mwishoni. Wamefungwa nne kwa moja. Mama Fatuma akabeba kiti chake. Mlangoni akasema taratibu, "Nyumba mliiacha wazi, daktari." Hakuwa akinikejeli. Hilo ndilo baya.

Jumapili, 15 Machi

Ujumbe wa mama. Kocha alimuuliza Riziki kwa nini anavunja mpango. Akajibu: mjomba wangu ameniambia. Kocha alidhani ni utani. Riziki akarudia. Mechi ijayo ataanzia benchi.

Kisha mama akaongeza: "Anasema Tonton haongeagi vile. Anasema ni wewe."

Kuangalia bega. Ndiyo. Ni maneno yangu, niliyomwandikia Jumatatu. Aliyatambua palepale, mbele ya simu, na bado akaitikia, kwa sababu yalitoka kinywani mwa mjomba. Nilijua hataweza kukataa. Ndiyo sababu nilifanya.

Nimempigia. Hajapokea.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Taa za njia panda ya Queensburgh, robot wanavyoziita hapa, zimekufa, taxi zinapita kwa ubabe. Nimechelewa chuoni.

Hajajibu.

Nilisema nataka ashinde. Si kweli, si yote. Nilitaka acheze mechi nyingi ili niwe na cha kumuuliza. Nilitaka pia ionekane niko sahihi.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemwambia Tonton kwamba mtoto yuko benchi kwa sababu yetu. Nilidhani atanigombeza. Aliweka bisibisi chini, akafuta mikono.

Nikamwomba amtumie Riziki ujumbe wa sauti, amwambie asijali ile sentensi. Akakataa.

"Baraka haiko message. Nilisimamisha watu, nikaongea. Tutasimamisha watu tena. Na wewe utaongea, juu maneno ni yako."

Kesho.

Ijumaa, 20 Machi

Tumesimama. Tonton, mimi, Mama Fatuma pia, alikataa kuondoka. Upande ule mama na Riziki. Riziki hakutazama kamera.

Tonton hakufumba macho safari hii. Alisema neno alilolitoa Ijumaa iliyopita amelirudisha, halimfungi tena. "Ku barafu, kocha ndiye tonton yako. Akisema rudi, rudi."

Kisha akaniangalia.

Nilisema: maneno yalikuwa yangu. Nilimtumia Tonton kwa sababu wewe ulikuwa umeshanikatalia. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu zaidi, nikayaacha.

Mama Fatuma akakohoa. Riziki akasema, "Sawa, Yaya." Sikuweza kujua ni sawa ipi.

Jumamosi, 21 Machi

Mechi ya pili. Wakifungwa, msimu umekwisha.

Riziki alikaa benchi kipindi cha kwanza chote. Katikati ya cha pili kocha akamgusa bega, akaingia. Alikwenda akasumbua, akarudi. Akaenda, akarudi. Wawili wake walikuwa pale alipotarajia wawe. Wapinzani hawakupata njia.

Dakika za mwisho yule mrefu aligeuka, kweli safari hii, bila kuangalia bega. Niliona. Riziki naye aliona. Nilimwona akisita, gongo lake la kuchezea likiwa tayari. Akarudi. Ndiye aliyekuwa sahihi: nyuma yake mwenzake alikuwa ameanguka, angeacha uwanja wazi.

Bado wamefungwa. Moja bila, bao la kipindi cha kwanza, yeye akiwa benchi.

Walipopanga mstari kupeana mikono, yule mrefu alimgonga Riziki kwenye kofia kwa upole. Tukazima. Mteja wa Mama Fatuma alikuwa analia, mtu ambaye wiki mbili zilizopita hakujua barafu inachezewa.

Sikumtumia Riziki ujumbe. Kila nilichoandika kilikuwa mbinu.

Jumapili, 22 Machi

Nimefua. Nimesafisha takwimu za mto, mwezi mzima wa Januari. Joto.

Mchana Riziki alipiga. Kwake ilikuwa asubuhi mapema, alikuwa kitandani bado. Sikutaja mechi, naye hakutaja. Nilisikia mama akifungua bomba la jikoni.

Akasema, "Yaya, wewe unasoma nini hasa? Watu wananiuliza, najibu maji, halafu sina kingine."

Miaka saba. Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nauliza tu.

Nikaanza. Jinsi ninavyoingia mtoni na viatu vya mpira, jinsi maji ya chini yanavyokwenda polepole kuliko ya juu, jinsi mafuriko yanavyohamisha mchanga hadi mto unasahau njia yake. Nilieleza vibaya, nikarukaruka. Nikadhani amelala.

"Enhe," akasema. "Halafu?"

Simu ikaniandikia kwamba bando linakaribia kuisha. Nikaendelea.