Hawana Shida Mlimani

Mama yangu, shikamoo. Nakuandikia nikitetemeka kwa baridi, hapa Uluguru ukungu unaingia hadi ndani ya nyumba.

Boma la Morogoro limenituma niziulize shule mbili, ya serikali mjini na ya misheni huku mlimani, zimepungukiwa nini, ili zipate kusaidiana. Mjini walinijibu hawana shida. Mwalimu Paulo wa misheni naye kanijibu hivyo hivyo, huku akiisogeza sahani yangu ya ndizi na maharage isidondokewe na mvua. Paa linavuja, Mama, na bado hana shida!

Nikageuza swali. "Mna nini cha kuwapa wenzenu wa mjini?"

Uso ukamkunjuka. "Tunaye seremala hodari. Aende akawafundishe vijana wao." Kisha akaongeza: "Nao, wakiweza, watuazime mwalimu wa hesabu."

Kumbe mtu haoni haya kuomba akiwa ameshatoa.

Nawe, Mama, kila nikikuuliza umepungukiwa nini, husema huna shida. Basi leo nakuuliza: una nini cha kunipa? Nijibu, nipate kujua cha kukuletea.

Mungu akutunze.
Mwanao, Saidi