Chai ya Watu wa Msaada

Jumanne, 5 Mei 2020

Nimeamka kabla ya jua tena. Mwili bado unadhani kuna shifti. Hoteli ya Milimani ilifunga geti mwezi wa tatu, na weita bila wageni ni mtu tu mwenye mkono mzuri wa kubeba sinia. Nimekoroga uji. Mwepesi, unaona chini ya kikombe. Mke wangu Wanjiku amekunywa wake na nusu ya wangu. Mtoto wetu Njeri ana wiki sita na maziwa ya mama yake yanapungua. Ananyonya, analia, ananyonya. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine ni maneno tu.

Alhamisi, 7 Mei

Habari imeingia ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Serikali itatoa unga, mafuta na pesa kidogo kwa simu, kwa familia zisizojiweza. Watapita nyumba kwa nyumba Jumamosi kuangalia nani hajiwezi.

Kufikia jioni ploti nzima haijiwezi. TV zimetoweka. Jirani mwenye friji ameifunika shuka. Inafanana na friji iliyofunikwa shuka.

Mimi nimepeleka sofa kwa Mama Brayo, ng'ambo ya barabara, kwa sababu upande wao walishapitiwa na watu wa msaada. Mlango wake ni mwembamba, tumesukuma mpaka jasho.

"Baba Njeri, kumbe umaskini ni kazi mingi hivi," Mama Brayo akasema.

Wanjiku amekubali yote isipokuwa kuacha kufagia. Anasema hata maskini ana ufagio.

Ijumaa, 8 Mei

Mama ameshuka kutoka Dundori bila kupiga simu, barakoa kidevuni. Kuona mjukuu. Amebeba viazi na mtungi wa maziwa. Ameuliza sofa iko wapi. Nimesema inashonwa. Siwezi kumwambia kwamba mwanawe anajifanya maskini. Mbaya zaidi, kwamba hajifanyi.

Wanjiku amekunywa maziwa mpaka akaona haya. Njeri amelala.

Jumamosi, 9 Mei

Walikuja wawili: mzee wa mtaa na msichana mwenye tableti. Niliwakalisha juu ya jerikeni. Nikajibu maswali kwa ile sauti ya kumwambia mgeni kwamba samaki imeisha. Kazi hakuna. Mtoto mchanga. Kodi bado. Yote kweli. Msichana alibonyeza, mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Kisha mama akatoka nyuma ya pazia na sinia.

Chai ya maziwa matupu. Viazi vya kuchemsha, vinatoa moshi, chumvi kando. Nilimkonyeza. Nikakohoa, na mwaka huu kikohozi kinatoa watu nyumbani. Hakusimama.

"Mgeni hatoki kwangu na mdomo mkavu," akasema. Na nyumba si yake.

Mzee alishusha barakoa akanywa, akaongezewa. Msichana alikataa, akabembelezwa, akala viazi kama mtu ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi. Alibonyeza kitu cha mwisho akiwa anatafuna. Nimehudumia meza miaka mingi. Najua sura ya mtu anayefunga bili.

Jumapili, 10 Mei

Mama amerudi Dundori. Ng'ombe wake hajui korona, lazima akamuliwe. Ameondoka akiwa na furaha.

"Hao watawakumbuka."

Wanjiku aliingia ndani kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa.

Ijumaa, 15 Mei

Unga umegawanywa kwa chifu. Wa friji amepata. Jina langu halikusomwa. Nilingoja mpaka watu wakaisha, labda wamesahau. Hawakusahau. Nikamfuata mzee wa mtaa.

"Kijana, kwako tulikula tukashiba. Mtu wa kushibisha wageni tumsaidie na nini?"

Nikamwambia maziwa yalikuwa ya mama, na yameisha.

"Basi una mama mwenye ng'ombe. Kuna wenye hawana hata mama."

Nina hasira. Nikijaribu kumkasirikia mama, nashindwa. Nikijaribu kumkasirikia mzee, naona hakukosea hesabu, alikosea nyumba tu.

Wanjiku aliangalia mikono yangu mitupu nikiingia.

Jumatano, 20 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mama amepiga simu. Ameanza na mtoto, akaja kwa unga. Alitaka kujua kama wale watu walikumbuka.

Nikasema walikumbuka. Unga upo, mafuta yapo.

Alicheka polepole, cheko la mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Akasema basi yale magunia ya viazi aliyokuwa anatuandalia atampelekea dada yangu kule Keringet. Yeye hajasaidiwa na mtu. Akauliza kama ni sawa.

Nikasema ni sawa, mama.

Wanjiku alikuwa kitandani, anasikia. Akamhamisha mtoto kwenye titi la pili. Njeri akalia, akamrudisha kwenye la kwanza.