Mama hana rovu

Makambako, Jumatatu ya Juni. Ukungu umelala juu ya reli tangu asubuhi, na wasiwasi wangu haujui pa kukaa.

Leo nimempeleka mama hospitali Njombe. Naandika "nimempeleka", lakini yeye ndiye aliyenishika mkono tulipovuka barabara, kana kwamba bado niko darasa la pili.

Mama ni msusi. Anasuka wenzake huku yeye mwenyewe amefunga kilemba. Nilipofunga shule na kurudi nyumbani ndipo nikaona sababu: utosini kumebaki ngozi, na chanuo lake limejaa nywele. Amepaka maji ya vitunguu, amepaka mafuta ya nyonyo, ameacha dawa ya kulainisha. Bado zinatoka.

Wiki iliyopita mteja mmoja alimtania. "Mama Rehema, msusi mwenyewe unaficha kichwa, sisi utatuachia nini?"

"Nyie nitawaachia masikio," mama akajibu, na saluni nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nafagia.

Jumamosi nilimwona mteja yule akisukwa saluni ya jirani.

Saluni ndiyo inayotulisha.

Kitabu cha Baiolojia kinaeleza tezi iliyo shingoni kwa ufupi tu, kwa hiyo niliendelea kutafuta kwenye simu. Tezi hiyo ikizembea, mtu huchoka, husikia baridi, hunenepa bila kula sana, na nywele hupungua. Kila mstari nilimwona mama. Nilizunguka na maneno hayo mdomoni siku nzima kabla ya kumwambia mama.

Mama akacheka. Marehemu bibi, mama yake, aliishi kijijini Mawengi na rovu kubwa shingoni, na kwetu kila mtu anajua kwamba ugonjwa wa tezi ni ule unaoonekana. Akaninyooshea shingo. "Shika. Kuna rovu hapo?"

Hakukuwa na kitu. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba tezi inaweza kuzembea bila shingo kuvimba.

Halafu Jumamosi ileile jioni alisinzia katikati ya msuko, vidole bado vimeshika rasta. Alipozinduka aliniangalia. "Haya, twende huko kwenye tezi yako."

Daktari alimpapasa shingo, akamuuliza kama anasikia baridi kuliko wenzake.

"Daktari, sisi ni wa huku. Nani hasikii baridi?"

Daktari akatabasamu na kuanza kuandika. Nikaona nafasi inapita, inapita kabisa, kama basi lililokuacha stendi. Mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono nikajikuta nasema, "Mama hufunga mlango wa saluni mchana, wateja wakiwa wamevua masweta."

Mama alinigeukia kama vile nimemvua kilemba mbele ya watu.

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema nywele hutoka kwa sababu nyingi, hata upungufu wa damu, hata mawazo, na tezi ni mojawapo, iwe kuna rovu au hakuna. Kama ni tezi, kuna vidonge, na nywele nyingi hurudi, ila polepole. Wakamtoa damu. Majibu ni Alhamisi.

Kwenye basi mama alitazama dirishani hadi Makambako. Nilidhani amekasirika.

Jioni hii akaweka beseni la maji ya moto jikoni, akafungua kilemba, akainamisha kichwa. "Nioshe, mwanangu." Hajawahi kuniruhusu. Nywele zilinifuata vidoleni. Nikawa nazizamisha chini ya povu asizione.

"Zimetoka nyingi?"

"Chache, mama."

"Rehema. Mimi ni msusi."

Nilimkausha taratibu, nikamfunga kilemba mwenyewe.

Sasa najiuliza ninaomba nini. Kuomba mama yangu akutwe na ugonjwa ni dhambi? Maana nisipokuwa sahihi, sijui kitabu gani kingine nifungue.

Alhamisi bado iko mbali. Kesho nitaamka mapema nikawashe jiko la saluni, mama akute pamepata joto.